Impreza WRX inalia mkanda: jinsi ya kuitafuta kelele, kubadili mikanda na puli zake mwenyewe nyumbani

Mtu akisikia Subaru Impreza yake inalia kwiiiii asubuhi akiwasha, anaenda kwa fundi wa karibu, fundi anafungua boneti anaukaza mkanda, kelele inapotea, mnalipana mnaachana. Baada ya wiki kadhaa kelele imerudi na safari hii imekuja na mngurumo juu yake, mana bering ya alternata imeanza kufa kwa kuvutwa kupita kiasi. Mkanda ni spea ya hela ndogo, alternata sio. Kwa hiyo kabla hujakaza chochote wala kununua chochote, kwanza ujue nini hasa kinalia, na hapo ndo nitakaa muda mrefu kidogo, kufunga kwenyewe ni kazi ya nusu siku tu.

Naongelea injini ya EJ20 ya turbo, zile WRX za GC8 za miaka ya 1992 mpaka 2000 na hizi GD zilizofuata. Kama una Forester au Legacy ya zamani yenye EJ mpangilio ni karibu ule ule, utafuata bila shida. Kama ni gari nyingine namna ya kutafuta kelele haibadiliki sana ila bolti na mpangilio wa puli vitakuwa tofauti.

Simama mbele ya gari boneti iko wazi. Utaona kifuniko cheusi cha plastiki juu ya mikanda, kinashikwa na bolti chache, kitoe. Mikanda iko miwili. Wa mbele, yaani ulio karibu na wewe, unatoka puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini) chini kabisa unapanda kwenye pampu ya pawa stering upande wa mkono wako wa kushoto na alternata pale katikati. Wa nyuma yake unatoka puli hiyo hiyo ya krenki unaenda kwenye kompresa ya AC mkono wako wa kulia, na katikati ya njia kuna puli ndogo isiyoendesha kitu chochote, kazi yake ni kuuvuta mkanda tu. Hiyo puli ndogo ndo mtuhumiwa namba moja kwenye Subaru nyingi zilizozeeka, ishike akilini.

Sasa kuna mkanda wa tatu ambao huuoni, taiming belti, ule unaoendesha valvu za injini, umefichwa nyuma ya makava ya plastiki. Huu sio wa leo. Ila ujue kwamba nao una puli zake na bering zake, na bering hizo zikianza kulia sauti inatoka mbele ya injini pale pale, watu wanabadili fanbelti (hii mikanda ya nje) mara mbili tatu kumbe ugonjwa uko ndani. Na kwenye EJ20 taiming belti ikikatika valvu zinagonga pistoni, hiyo sio kelele ya kuvumilia. Namna ya kutofautisha nakuja nayo.

Sikiliza kwanza

Kuna sauti kama tatu na kila moja ina maana yake. Ya kwanza ni ile ndefu, kwiiiii, inaongezeka ukikanyaga mafuta au ukiwasha mzigo. Hiyo ni mkanda unateleza. Ya pili ni fupi fupi yenye mdundo, chwi chwi chwi chwi kama kifaranga, inafuata mzunguko wa injini. Hiyo mara nyingi puli hazijakaa kwenye mstari mmoja au kuna puli inayumba. Ya tatu ni mngurumo mkavu wa chuma, grrrrr, haujali mkanda uko mkavu au umelowa, hiyo ni bering.

Alafu angalia inalia LINI. Ikilia asubuhi tu dakika za mwanzo, betri inarudishiwa chaji baada ya kuwasha, alternata inakuwa nzito, mkanda wa mbele unateleza. Ikilia ukikata usukani mpaka mwisho wakati wa kupaki, ni mkanda huo huo wa mbele ila mzigo ni pampu ya stering. Ikilia pale unapobonyeza AC, mkanda wa nyuma. Ikilia AC ikiwa imezimwa lakini unajua sauti inatokea upande ule, basi ni ile puli ndogo niliyokwambia, mana inazunguka muda wote hata kama hutaki baridi. Usukani ukivuma kama ng'ombe bila mkanda kulia, hapo ni pampu inavuta hewa, cheki oil ya stering kwenye kikopo kama ina povu. Kwenye Subaru hizi kuna oring (pete ya mpira) ndogo kwenye paipu inayoingiza oil kwenye pampu, inakauka kwa joto inaanza kuvuta hewa na kuvujisha, na hiyo oil inadondokea wapi? Kwenye mkanda. Mkanda ukilowa oil ya stering hata uukaze namna gani utalia tu.

Kipimo cha maji. Chupa ya kupulizia ile ya sabuni ya vioo, weka maji matupu. Injini ikiwa inaunguruma na kelele ipo, pulizia kidogo upande wa ndani wa mkanda wenye meno yale marefu, mmoja mmoja, sio yote kwa pamoja. Kelele ikizidi ghafla mkanda umelegea au umekwisha, unateleza. Kelele ikipotea alafu ikarudi maji yakikauka, shida ni mstari wa puli. Isipobadilika kabisa, tafuta bering. Wakati unafanya hivi hakikisha huna tai, kamba ya kitambulisho shingoni wala shati la mikono mirefu iliyolegea, na mkono ukae mbali, zile feni za redieta zinawaka bila kuomba ruhusa.

Na achana na yale makopo ya dawa ya kupulizia mkanda, au sabuni ya mche ambayo mafundi wengine wanaipaka. Kelele inakaa kimya siku chache, alafu mkanda unakusanya vumbi kwenye huo unato, unakuwa kama msasa, unakula mifereji ya puli. Barabara zetu na vumbi letu unazijua. Dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997 na Impreza kwenye vumbi lile lile, ila ile gari ilikuwa na kikosi cha mafundi wanaoisubiri kwenye vituo vya sevisi, yako inakusubiri wewe.

Kipimo kinachomaliza ubishi

Hiki ndo nakipenda kuliko vyote. Kwenye EJ20 pampu ya maji inaendeshwa na taiming belti, sio na hii mikanda ya nje, kwa hiyo unaweza kuwasha injini bila mikanda hii kabisa kwa muda mfupi. Injini ikiwa ya baridi, toa mkanda wa mbele (namna ya kutoa iko chini), washa kama nusu dakika hivi, sikiliza, zima. Kelele imepotea? Basi iko kwenye alternata, pampu ya stering au mkanda wenyewe. Bado ipo? Toa na wa nyuma, washa tena. Ikipotea sasa ni upande wa AC. Ikiwa mikanda yote iko chini na bado unasikia mngurumo mbele, simama hapo, usinunue fanbelti, panga bajeti ya taiming belti na puli zake. Taa ya betri itawaka na usukani utakuwa mzito, ni kawaida, ila usiiendeshe gari hivyo hata kwenda dukani.

Mikanda ikiwa imetoka zungusha kila puli kwa mkono. Puli nzima inazunguka kimya na ina uzito kidogo wa grisi. Ikizunguka huru muda mrefu kama toi la mtoto, grisi imeisha. Ikikwaruza unaisikia kwenye vidole hata kabla ya masikio. Alafu ishike juu na chini uitikise, haitakiwi kucheza. Kwenye kompresa ya AC usichanganyikiwe, puli ya nje inazunguka peke yake wakati AC imezimwa na ina bering yake, kile kisahani cha mbele kinabaki kimesimama.

Puli ya krenki iangalie kwa makini zaidi. Ile ya kiwandani ina duara la mpira kati ya kitovu na pete ya nje. Mpira ukichoka unaona nyufa, vipande vimechomoza, na pete ya nje inaanza kuyumba injini ikiwashwa. Mwambie mtu awashe wewe ukiwa mbele, angalia ukingo wake, kama unacheza mbele na nyuma hiyo ndo inakupa ile chwi chwi. Kuna jambo baya zaidi, bolti ya katikati ikiwa ililegea, puli inacheza kwenye krenki na kula kifereji cha kii, kile kipande kidogo cha chuma kinachoifunga puli isizunguke peke yake kwenye krenki. Ukichelewa hapo unaongelea krenki, sio puli tena.

Vitu vya kuwa navyo

Soketi na spana namba 10, 12, 14 na soketi namba 22 kama utagusa puli ya krenki, racheti na mpini mrefu, tochi ya kichwani, kipande cha boksi gumu la kuweka mbele ya redieta ili spana ikiteleza isitoboe vile vipezi, brashi ya waya laini, kitambaa, na brake cleaner (dawa ya kusafishia breki). Spana ya kupimia nguvu kama unaweza kuazima, azima.

Mkanda soma maandishi mgongoni mwake. Utakuta kitu kama 4PK au 5PK ikifuatiwa na namba. Namba ya mbele ni idadi ya mistari, PK ni aina ya umbo la mistari, na namba ya mwisho ni urefu kwa milimita, yaani 4PK890 ni mistari minne urefu 890 mm. Huo ni mfano wa kusoma tu, usiende dukani na namba hiyo, nenda na mkanda wako mkononi au na namba ya chesisi, mana puli ya krenki ikiwa ilishabadilishwa na mwenye gari wa kwanza huko Japani basi urefu unaweza kuwa sio wa kiwandani. Ukienda Kirinyaga Road ya Nairobi au Kariakoo ya Dar utapewa vya bei tatu tofauti na vyote vimeandikwa Japani. Mikanda ya siku hizi inatengenezwa kwa mpira wa aina ya EPDM, haipasuki haraka kama ile ya zamani, inaisha kimya kimya kama tairi, kwa hiyo kuona haina nyufa haimaanishi ni mzima. Angalia bonde kati ya mstari na mstari, likiwa pana na mkanda unakaa ndani kabisa ya puli badala ya kuelea juu juu, umekwisha.

Kwa ile puli ndogo una njia mbili. Ununue puli nzima, au ubadili bering peke yake. Bering ina namba kwenye kile kifuniko cha mpira au kwenye chuma chake, safisha uisome, muuza bering atakupa ile ile. Mfano 6203 ni tundu 17 mm, nje 40 mm, unene 12 mm. Hakikisha mwishoni kuna 2RS, ina mpira pande zote mbili. Yenye kifuniko cha bati haizuii vumbi vizuri, kwa barabara zetu sikushauri.

Kutoa mikanda

Zima gari, ipoe, toa terminali ya hasi ya betri. Weka boksi mbele ya redieta.

Anza na wa mbele. Juu ya alternata kuna bolti mbili unazozihitaji. Moja ni ya kufunga, inaibana alternata kwenye breketi, nyingine ni ndefu nyembamba, hiyo ndo inayovuta. LEGEZA YA KUFUNGA KWANZA. Ukikosea ukaanza kuzungusha ile ndefu wakati alternata bado imebanwa utaikata au utakula nyuzi zake, na bolti hiyo kuipata dukani peke yake ni mtihani. Ikishalegea ya kufunga, zungusha ndefu kinyume cha saa, alternata itashuka na mkanda utalegea. Kama haishuki, bolti ya chini inayoishikilia alternata nayo imeganda, ilegeze kidogo tu, na sukuma alternata kwa mkono, usichokonoe kwa bisibisi. Mkanda ukilegea utoe kwenye puli ya stering kwanza, ni rahisi zaidi.

Wa nyuma ni hivyo hivyo, ile puli ndogo ina nati katikati yake, ilegeze, alafu bolti ya kuvutia ilegeze mpaka puli ishuke. Mkanda wa nyuma hautoki bila wa mbele kutoka, kwa hiyo hakuna namna ya kuruka hatua.

Ukiwa hapo safisha mifereji yote ya puli kwa brashi na brake cleaner. Watu hawafanyi hivi, wanavalisha mkanda mpya juu ya matope ya oil na unga wa mpira wa zamani, alafu wanasema mkanda ni feki. Na kama ulikuta oil, ziba inapovuja kabla ya kufunga mpya, iwe oring ya stering au sili ya krenki.

Kubadili bering ya puli ndogo

Toa nati na uitoe puli, zingatia mpangilio wa washa na bushi, piga picha kwa simu. Kama kuna saklipu (pete ya chuma iliyo wazi) inayozuia bering itoe kwa plaizi yake. Laza puli juu ya vipande viwili vya mbao, gonga bering itoke kwa soketi inayopita kwenye tundu. Kuweka mpya ndo penye kosa, tafuta soketi kubwa yenye ukubwa sawa na duara la NJE la bering na ubonyeze kwa vaisi polepole, iingie imenyooka. Ukigonga duara la ndani umeshaiua bering mpya kabla haijazunguka hata mara moja, utakuja kuisikia tu baadae. Ikishakaa rudisha saklipu, zungusha, iwe kimya.

Kubadili puli ya krenki

Hii fanya ikiwa kweli imechoka. Toa feni za redieta upate nafasi, ni bolti chache tu kila feni na plagi zake za umeme. Bolti ya katikati ni namba 22 na imekazwa haswa. Kwa gari ya manuali weka gia ya tano, handbreki juu, mtu akanyage breki kwa nguvu, wewe tumia mpini mrefu kinyume cha saa. Ya automatiki inahitaji kishikio cha puli, azima kwa fundi. Ule ujanja wa kuegesha mpini kwenye chesisi na kugusa starta upo na watu wanaufanya, mimi sikuambii uufanye, mpini ukichomoka hujui utaelekea wapi.

Bolti ikitoka puli inavutwa kwa mikono huku unaitikisa kidogo kidogo. Usiipige nyundo. Angalia kii na kifereji chake, viwe na kona kali bila uchakavu. Safisha nyuzi, paka oil kidogo ya injini, vaa puli mpya ikae sawa kwenye kii, kaza. Kiwango cha kukaza bolti hii kinatofautiana sana kati ya mwaka na mwaka, tumia kitabu cha maelekezo cha injini yako hasa, usichukue namba ya gari ya jirani.

Kuhusu puli nyepesi za aluminiamu, zile nyekundu na za bluu. Injini inapanda spidi upesi kidogo, kweli, utaihisi. Ila zikiwa ndogo kuliko za kiwandani alternata inazunguka taratibu zaidi, foleni ya jioni na AC na taa na muziki betri itakwambia. Na za bei rahisi mifereji haikai mstari mmoja na puli nyingine, unaishia kununua kelele uliyokuwa unaikimbia. Kwa gari ya kila siku mimi naweka ya kiwandani.

Kufunga na kukaza

Wa nyuma kwanza, alafu wa mbele. Baada ya kuvalisha pitisha kidole na tochi kwenye kila puli uhesabu mistari, mstari mmoja ukiwa umekaa nje ya mfereji hutaona kwa juu, na mkanda utachanika ndani ya muda mfupi. Pale chini kwenye puli ya krenki ndo panapodanganya zaidi. Weka na rula ndefu iliyonyooka ubavuni mwa puli kuona kama ziko mstari mmoja.

Vuta kwa bolti ndefu mpaka kiwango, SIO mpaka mkanda uwe kama gitaa. Kiwanda kinataka ukibonyeza katikati ya sehemu ndefu kwa nguvu ya kilo 10 hivi, mkanda mpya wa alternata ushuke 7 mpaka 9 mm, na ule uliokwishatumika 9 mpaka 11. Wa AC mpya ni 7.5 mpaka 8.5, uliotumika 9 mpaka 10. Kilo 10 utaijuaje? Chukua mizani ya ndoano ile ya kupimia samaki, ishike kwenye mkanda uvute mpaka isome 10, rula pembeni. Ukishazoea kidole kitajua chenyewe.

Ukifika kiwango kaza bolti ya kufunga alternata, karibu 25 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), na nati ya puli ya AC karibu 23. Bolti ndefu za kuvutia ni 8 tu, ni mkono mwepesi, hazibebi kitu. Pima tena baada ya kukaza, mana wakati wa kubana mkanda huwa unabadilika kidogo, mara nyingi unarudia mara mbili.

Rudisha feni na plagi zake kama ulizitoa (usisahau plagi, utachemsha injini), betri, toa boksi na spana zote, washa kabla hujarudisha kifuniko. Iache iungurume, washa AC, taa, feni ya ndani mpaka mwisho, kata usukani kushoto na kulia. Kimya? Rudisha kifuniko.

Mkanda mpya unajinyoosha kidogo siku za mwanzo. Ukishatembea kilomita mia mbili tatu fungua pima tena injini ikiwa ya baridi, na safari hii tumia zile namba za mkanda uliotumika. Ukikuta umelegea zaidi ya hapo vuta kidogo, ukikuta uko sawa funga uondoke, usiukaze eti kwa kuwa umeshafungua boneti.